Damu ya bandia: kinachoizuia si bei
Umesema damu ya bandia haitumiki kwa sababu ni ghali. Hapana ndugu, si kwa sababu ya bei kwamba bado tunangoja damu ya watu kutoka Nakasero, benki ya damu ya taifa huko Kampala. Shida ni usalama. Damu ya bandia ninayoisemea hutengenezwa kwa himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni, ikiwa imetolewa kwenye chembe zake. Himoglobini ikiwa nje ya chembe nyekundu inafyonza oksidi ya nitriki, ile gesi inayolegeza mishipa. Mishipa inabana, presha inapanda, moyo unaumia. Tena inakatika vipande vinavyoziba na kuharibu figo. Watengenezaji wakajaribu kuziunganisha molekuli za himoglobini zisikatike. Figo zikapumua kidogo, mishipa ikaendelea kubana.

Majaribio ya HemAssist, damu ya bandia ya kampuni ya Baxter, yalisimamishwa 1998 kwa sababu majeruhi waliopewa walikufa zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2008 majaribio 16 yalijumlishwa, wagonjwa 3,711: hatari ya shambulio la moyo kwa waliopewa damu za aina hii ilikuwa karibu mara 2.7 ya wenzao.

Mimi nipo maabara huku Mbale. Chembe zikipasuka kwenye chupa ya sampuli, maji ya juu badala ya kuwa manjano yanakuwa mekundu. Wekundu huo ndio himoglobini yenyewe, imetoka nje.

Ila Afrika Kusini waliidhinisha Hemopure 2001, damu ya bandia inayotokana na damu ya ng'ombe, kwa wagonjwa wa upasuaji.