Nikope nichukue gari jipya, niagize Japani, au nichukue la mwalimu?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni muuguzi, naishi Kihonda, Morogoro, na kituo changu cha kazi kipo huko mbele barabara ya Dodoma. Nikitoka zamu ya usiku usafiri ni shida, halafu nina watoto wawili wa shule. Nimejichanga hadi nimefikisha shilingi milioni 14. Benki iko tayari kunikopesha kwa mshahara nichukue gari jipya kabisa la milioni 38, nilipe kwa miaka 5. Kaka yangu anasema niagize Toyota IST kutoka Japani. Na kuna mwalimu, jirani yetu, anauza IST yake ya mwaka 2005, namba D, kwa milioni 10 na nusu. Ameliendesha mwenyewe tangu litoke bandarini. Shemeji zangu wanasema gari la mkononi ni kununua ugonjwa. Nifanyeje?
Nesi wa Kihonda

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na zamu. Chukua la mwalimu, ilimradi lipite ukaguzi nitakaokueleza hapa. Mkopo achana nao.

Gari jipya ni zuri, silibezi. Lina waranti na hujui shida ya fundi kwa miaka kadhaa. Lakini linaanza kushuka bei siku linapotoka dukani, na deni lako halishuki kwa mwendo huo. Benki itataka ukate bima kubwa kila mwaka mpaka umalize, na kadi ya gari itabaki kwao. Ukipata dharura mwaka wa pili ukataka kuliuza, utakuta bei ya sokoni haifuti deni. Mshahara wa nesi mwenye watoto wa shule haufai kufungwa hivyo kwa miaka 5.

Kaka yako naye ana hoja. Kule Japani gari dogo linakwenda ukaguzi wa lazima miaka 3 baada ya kununuliwa, kisha kila miaka 2, na gharama yake si ndogo. Wengi wanaona heri wauze. Ndiyo maana magari yao yanatufikia yakiwa bado na hali nzuri. Tatizo lako ni kodi. Unalipa ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, ambao kwa IST ni asilimia 5. Halafu kuna ushuru wa uchakavu: gari lililozidi miaka 10 linaongezwa asilimia 30. Zikipandiana hizo, kodi inakaribia kuwa sawa na thamani ya gari lenyewe pamoja na nauli yake ya meli. Na TRA, mamlaka ya mapato, wana thamani zao. Risiti ya muuzaji wako haiwafungi. Kikokotoo chao kipo mtandaoni, kiangalie kabla hujatuma hata senti, maana viwango hubadilika na bajeti. Ongeza wakala wa forodha, bandari na usajili, milioni 14 yako itakwisha yote, kwa gari ambalo hujaligusa.

Kuhusu namba D, isikutishe wala isikufariji. Herufi ile inaonyesha gari limesajiliwa hapa nchini lini, basi. Nimeshika namba E zilizokuja zimechoka, na namba C ambazo injini haijaguswa.

Sasa ukaguzi. Mwombe mwalimu asiliwashe gari kabla hujafika, uende asubuhi na fundi wako, siyo wake. Gusa boneti, ikiwa ya moto, ahirisha, kwa sababu injini iliyopashwa moto huficha mengi. Injini ikiwa bado baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Maji yawe na rangi ya kuleti safi (coolant, maji maalumu ya kupoza injini), nyekundu au kijani. Ukikuta maji ya kutu, gari limekuwa likijazwa maji ya bomba, na kinachofuata ni kuchemsha. Fungua na mfuniko wa oili, utazame upande wa ndani: ute mweupe kama maziwa ni dalili ya maji kuingia kwenye oili. Hapo usijadili bei, aga uondoke.

Washa ufunguo mpaka ON bila kupiga starta. Taa ya injini na ya eabegi lazima ziwake; ya eabegi izime baada ya sekunde chache, na ya injini izime injini ikishawaka. Watu wengi wanaogopa taa inayowaka. Mimi naogopa zaidi ile isiyowaka kabisa, maana huenda kuna mtu ameing'oa ili usione. Kisha piga starta, liache lisilesi (lingurume bila kukanyaga mafuta) dakika chache, umwambie fundi akanyage mafuta huku wewe ukiwa nyuma. Moshi wa bluu maana yake linakula oili. Toa gia kwenye P, weka R, kisha D: likishtuka au likichelewa kushika, giaboksi ina jambo. Halafu mlipitishe kwenye matuta, redio ikiwa imezimwa, msikilize bushi na shokapu. Hizo zikilia si mwisho wa dunia. Zinakupa nguvu ya kuomba apunguze.

Kwenye makaratasi, dai kadi halisi. Ukipewa kopi, huenda kadi yenyewe iko kwenye mkopo mahali fulani. Jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho chake, namba ya chasisi ifanane na iliyopigwa kwenye bati, na uangalie kama gari linadaiwa faini za trafiki. Andikishaneni kwa wakili, mkabadili umiliki TRA mara moja. Usione haya hapo kwa sababu ya ujirani.

Ile milioni 3 na nusu itakayobaki isiende kwenye rimu na muziki. Badilisha oili, filta, plagi na kuleti, kagua breki na tairi, lipa bima, kisha inayosalia iweke kando kwa ajili ya gari hilohilo.

Na la mwalimu likifeli, mshukuru, urudi kwa kaka yako na swali jingine: Toyota Passo ya injini isiyofika cc 1000. Hiyo haitozwi ushuru wa ukubwa wa injini, na kwa lami ya Kihonda hadi kazini kwako inatosha kabisa. Wakati wa kuagiza dai karatasi ya mnada, yaani ripoti ya hali ya gari inayotolewa mnadani kule Japani; gredi ikiandikwa R, gari hilo lilishapata ajali likatengenezwa.