Kunde zachanua, maua yapukutika, maganda yana matundu: nifanyeje bila sumu?

SWALI: Habari za kazi, bwana shamba. Niko Buswelu, hapa Mwanza. Nyuma ya nyumba nina mistari michache ya kunde. Majani tunachuma mboga, mengine naanika nsansa, na msimu ukiisha nataka nipate na kunde zenyewe. Kwanza ncha zilijaa wadudu weusi wadogo na sisimizi wengi, nikamwagia majivu, wakapungua. Sasa zimechanua, maua yanadondoka, na maganda machache yaliyotoka yana matundu. Jirani anasema nichanganye sabuni ya unga na mafuta ya taa nipulizie. Wajukuu wangu wanakula mboga hizo, sitaki sumu. Nitumie nini?

JIBU: Shikamoo mama. Kwanza, ushauri wa jirani uache kabisa. Mafuta ya taa yanaunguza majani, na sabuni ya unga ni kali, nayo huyababua. Utapoteza kunde kabla wadudu hawajazimaliza.

Kwa maelezo yako, naona una wadudu zaidi ya mmoja, na kila mmoja ana wakati wake. Ndiyo maana majivu yalisaidia mwanzoni na sasa hayasaidii.

Wale weusi wa kwenye ncha ni vidukari, wengine huwaita wadudu mafuta. Wanafyonza utomvu na kutoa majimaji matamu, na sisimizi wanayafuata hayo majimaji. Sisimizi huwalinda vidukari dhidi ya maadui wao, kwa hiyo ukiona msururu unapanda shina, nenda moja kwa moja kwenye ncha ukakague. Vidukari pia hueneza ugonjwa wa virusi unaofanya majani yawe na mabaka ya njano na kujikunja. Mche wenye dalili hizo ung'oe, hauna dawa.

Wakirudi, wapige kwa maji yenye nguvu kutoka kwenye bomba, chini ya jani na kwenye ncha. Wakizidi, kwangua sabuni ya kipande, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji, koroga mpaka iyeyuke, chuja, nyunyiza jioni. Jaribu kwenye mashina mawili kwanza uone kesho yake kama majani yamevumilia. Sabuni inaua mdudu inayemgusa tu. Ikishakauka haina kazi tena.

Ila kabla ya kunyunyiza, angalia vizuri kati ya hao vidukari. Ukiona kidudu cheusi chenye madoa ya chungwa, kirefu, chenye miguu sita na ngozi ya mikunjo kama mamba mdogo, usikiue. Huyo ni mtoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, na chakula chake ni vidukari. Nimeona watu wengi wakimminya wakidhani ndiye adui. Angalia pia vidukari waliovimba na kugeuka rangi ya kahawia kama karatasi: hao wameshauawa na nyigu wadogo waliotaga ndani yao. Mahali penye hao wengi, weka chupa chini usubiri siku chache. Na mawingu ya visubi wa ziwani yakikuvamia, asubuhi ukawakuta wametua kwenye majani, hao hawali kunde. Usipoteze dawa.

Sasa maua. Kunde kwa asili huangusha maua mengi, kwa hiyo kuona machache chini kusikutie hofu. Lakini chuma vitumba kadhaa na maua yaliyofunguka asubuhi, yakung'ute juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vidudu vyeusi vyembamba, vidogo kuliko punje ya ulezi, vinakimbia, hao ni thiripi. Wanakwangua ndani ya kitumba mpaka kinakauka na kudondoka kabla hakijafunguka.

Kisha pasua maua yaliyogandamana na nyuzi kama utando wa buibui. Humo utamkuta kiwavi mweupe mwenye madoa meusi mgongoni. Huyo ndiye anayetoboa maganda yako. Kwenye tundu utaona na kinyesi chake kimetoka nje. Mama yake ni nondo wa usiku anayetaga kwenye vitumba. Kiwavi anaanza na maua, kisha anahamia kwenye ganda, na akishaingia humo hakuna cha kunyunyiza kitakachomfikia. Kwa hiyo vita yake inaanza vitumba vya kwanza vinapotokea. Ukisubiri mpaka uone matundu umechelewa, na hapo ndipo ulipo sasa. Kilichobaki ni kuchuma maua yenye utando na maganda yenye matundu, na kuyachoma au kuwapa kuku. Usiyaache chini, kwa sababu kiwavi akikomaa hushuka kwenye udongo na kugeuka nondo.

Kwa vitumba vinavyokuja, tumia mwarobaini, mti usio wa kutafuta mbali hapa Mwanza. Mbegu zina nguvu kuliko majani. Okota zilizoiva, toa nyama, anika kivulini, twanga. Chukua gramu 50, kama kiganja kimoja kilichojaa, loweka kwenye lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ishike kwenye majani. Nyunyiza siku hiyo hiyo, jioni jua likiwa limelegea, kwa sababu jua huiharibu haraka na asubuhi nyuki wako kwenye maua. Rudia kila baada ya wiki moja, na mvua ikinyesha rudia mapema. Usitegemee wadudu wafe papo hapo. Mwarobaini unawapunguzia hamu ya kula na kuwazuia kukua. Kama una uwezo, kwenye duka la pembejeo ulizia dawa ya bakteria ya Bt, ambayo inaua viwavi wanaoila. Hakikisha lebo ina usajili wa TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na fuata kipimo kilichoandikwa.

Utupa, ule mmea wenye sumu, watu watakushauri, na ni kweli unaua wadudu. Mimi sikushauri kwa majani mnayokula. Pia ni ule ule wanaotumia wavuvi haramu kuulia samaki. Ukiosha chombo chako mtaroni, maji hayo yanaelekea ziwani.

Kuhusu mboga: tenga mistari ya majani na mistari ya kunde. Shina linalochumwa majani kila siku halina nguvu ya kubeba maganda. Mistari ya mboga ipe maji na sabuni tu. Ile ya mbegu ukishaipiga mwarobaini, usichume majani yake, machungu yake wajukuu hawatayapenda.

Maganda yakianza kujaa watakuja kunguni wa maganda, si wale wa kitandani, wakubwa kiasi na wa kahawia. Wanafyonza punje zikiwa changa, unavuna maganda yenye kunde zilizosinyaa. Mwarobaini hauwatikisi sana. Nenda alfajiri wakiwa wazito kwa baridi, kinga kopo lenye maji ya sabuni, wakung'utie humo. Kazi hiyo wape wajukuu, wataifanya vizuri.

Maganda yakikauka usiyaache shambani, fukusi wa kunde huanza kutaga huko huko. Chuma kila yanapokauka, pukuchua, anika punje juani zikauke vizuri, kisha zijaze kwenye chupa za plastiki kavu mpaka mdomoni na ufunge kizibo kwa nguvu. Fukusi waliomo watakosa hewa. Usifungue chupa mpaka siku ya kuitumia.