Sauti imenikauka, mbona napimwa kifua?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 58, nauza mahindi hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Ni mwezi wa pili sasa sauti imenikauka, imebaki kama mnong'ono, na nikinywa maji napaliwa. Koo haliumi. Nimemeza antibiotiki za duka la dawa, nimekunywa tangawizi, wapi! Kliniki wananiambia nikapige eksirei ya kifua. Ugonjwa uko kooni, kifua kinaingiaje?

JIBU: Marahaba, mzee wangu. Hao wa kliniki wameona mbali. Nyuzi za sauti hufunguka na kufunga kwa amri ya mishipa ya fahamu, kulia na kushoto. Ule wa kushoto una safari ndefu: unashuka hadi kifuani, unazunguka chini ya aota, yaani mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo unapanda tena kooni. Uvimbe wa pafu la kushoto, tezi zilizovimba kwa kifua kikuu, au aota iliyotanuka, chochote kati ya hivyo kinaweza kuubana huko chini, nawe ukaona sauti tu imepotea. Uzi ukishindwa kufunga, hewa inavuja na maji yanaponyokea njia ya pumzi. Huko kupaliwa ndiko kunakonitia wasiwasi.

Sauti iliyokauka kwa mafua au kelele za sokoni kwa kawaida hurudi ndani ya wiki mbili. Ikipita wiki tatu au nne, nyuzi zenyewe lazima zionekane, na tochi haizifikii. Mtaalamu wa masikio, pua na koo hupitisha kamera nyembamba puani, dakika chache tu. Usiache kipimo hicho hata eksirei ikiwa safi, maana saratani inaweza kuota kwenye uzi wenyewe. Hiyo hujitangaza mapema, kwa sababu hata kivimbe kidogo huharibu sauti, na ikiwahiwa wengi hupona kwa mionzi, inayotolewa Taasisi ya Saratani pale Mulago, au kwa upasuaji.

Toa na makohozi yapimwe kifua kikuu; hospitali za serikali hawatozi. Antibiotiki za kujinunulia acha kabisa. Maji kunywa kidogo kidogo, kidevu umekiinamisha. Ukitema damu, au pumzi ikianza kupiga mluzi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Halafu hukunieleza kama unavuta sigara, unakunywa waragi, au uliwahi kupasuliwa goita. Mwambie daktari atakayekupima.