Vidonge vya homeopathia: geuza chupa usome namba kwanza

Mleta mada, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: kama homeopathia, yaani tiba ya dawa zilizozimuliwa mno, inatibu kweli, kama vidonge vidogo vitamu anavyopewa mtoto wa dada yako anayeota meno ni salama, na kama wewe mwenye pumu uachane na dawa ya kuvuta kama alivyokushauri tabibu wako wa homeopathia. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu haliwezi kusubiri: usiache. Ukikatisha dawa ya kuzuia pumu unaweza kukaa siku kadhaa unajiona mzima kabisa, halafu usiku mmoja kifua kikabana na huna cha kukifungua.

Hayo mengine tuyazungumze taratibu. Mimi ni mfamasia, na katika kukaa kwangu kaunta nimeviona hivi vidonge vikipangwa rafu moja na parasetamoli, vikiuliziwa na wasomi kwa wasiosoma. Mteja akiniuliza kama ni salama, siangalii jina la dawa. Namwambia ageuze chupa anisomee namba inayofuata baada ya jina. Kwenye homeopathia namba ndiyo habari yenyewe.

Namba hizo huja na herufi. C maana yake sehemu moja ya dawa imezimuliwa kwa sehemu 99 za maji au pombe, ikatikiswa kwa nguvu, kisha tone la mchanganyiko huo likazimuliwa tena vilevile. X au D ni kazi ileile, ila kwa moja kwa tisa. Kwa hiyo 30C ni dawa iliyozimuliwa mara 30 mfululizo, kila mara kwa mia. Mahesabu ya kemia ya sekondari yanatosha hapa: ukivuka takriban 12C, uwezekano wa kubaki na hata molekuli moja ya kile ulichoanza nacho unakuwa mdogo sana. Ukifika 30C, ili utarajie kukutana na molekuli moja ungehitaji kunywa maji yenye uzito wa dunia hii mara mabilioni. Tone la mwisho hudondoshewa kwenye vidonge vya sukari, maji yakakauka, ikabaki sukari.

Hapa ndipo naona wachangiaji wengi wamechanganya mambo. Kuna aliyeandika "ni mizizi tu, mababu zetu walitumia". Hapana mkuu. Mitishamba ni kitu kingine. Ukichemsha gome ukanywa, umekunywa kemikali halisi, ziwe za kukufaa au za kukudhuru. Homeopathia inadai kinyume chake, kwamba kadiri dawa inavyozimuliwa ndivyo nguvu yake inavyoongezeka. Wazo hili ni la daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann. Mwaka 1790 alimeza gome la mti wa sinkona, ule unaotoa kwinini, akahisi dalili zinazofanana na homa ya malaria. Akahitimisha kwamba kinachomletea mzima dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Ndiyo maana dawa ya kukosa usingizi kwenye mfumo wake inaweza kutengenezwa kwa kahawa. Mimi hucheka kidogo kwamba hadithi nzima ilianzia kwenye gome ambalo kweli linatibu malaria, tena kwa dozi inayopimika.

Mdau mwingine kasema maji yana kumbukumbu, yaani yanabaki na nguvu ya dawa hata baada ya dawa yenyewe kuzimuliwa ikaisha. Hilo lilijaribiwa hadharani. Mwaka 1988 mtafiti Mfaransa, Jacques Benveniste, alichapisha kwenye jarida la sayansi la Nature matokeo yaliyoonekana kuliunga mkono. Jarida likatuma watu maabarani kwake, majaribio yakarudiwa huku wanaohesabu hawajui bomba lipi lina dawa na lipi halina, na athari ile ikatoweka.

Sasa, inatibu? Mwaka 2010 kamati ya sayansi na teknolojia ya bunge la Uingereza ilisema dawa hizi hazizidi plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti zilizokuwepo, likasema hakuna ugonjwa hata mmoja wenye ushahidi wa kutegemewa kwamba homeopathia inautibu. Ufaransa, ambako watu wanazipenda mno, mfuko wa bima ya taifa uliacha kuzilipia tangu Januari 2021. Sijaona chochote kaunta kinachonifanya nibishane na hao.

Najua swali linalofuata: "mbona mimi nilipona?" Nakuamini kwamba ulipona. Mafua huisha yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Kipandauso, mzio, maumivu ya mgongo na upele wa ngozi huja kwa mawimbi, na mtu hutafuta dawa mpya pale wimbi linapokuwa juu kabisa. Chochote atakachomeza siku hiyo, kesho kutwa kitasifiwa. Na kwa mtoto mchanga asiyejua hata kama kapewa dawa? Anayepima nafuu ni mzazi, na mzazi akishampa mwanawe kitu hutulia, akambeba vizuri zaidi, naye mtoto akalala.

Tena historia ina kisa cha haki kwa upande wao. Kipindupindu kilipoipiga London mwaka 1854, hospitali ya homeopathia ilipoteza wagonjwa wachache kuliko hospitali za kawaida. Sababu inaeleweka: siku hizo madaktari wengine walikuwa wanawatoa wagonjwa damu na kuwaharisha kwa makusudi, wakati mtu anakufa kwa kuishiwa maji. Aliyepewa maji matupu na kuachwa apumzike alikuwa na bahati. Ila leo kipimo si kile cha 1854.

Nitawapa na sifa nyingine, maana niliwahi kukaribishwa kukaa pembeni tabibu mmoja wa homeopathia akimhudumia mama mwenye vipele sugu. Alimuuliza analalaje, anaota nini, anapenda baridi au joto, ugonjwa ulianza baada ya jambo gani. Yule mama alilia, akafuta machozi, akaendelea kueleza, na hakuna aliyeangalia saa. Hospitali zetu hazina muda huo, na hilo ni kosa letu sisi wa tiba ya kawaida. Alitoka amepungukiwa mzigo kabla hajafungua chupa.

Turudi kwa mtoto wa dada yako. Hapo ndipo namba inapouma. Vidonge vya 30C ni sukari, basi. Lakini namba ndogo, mfano 2X, 3X au 4X, maana yake bado kuna kitu ndani, na baadhi ya dawa hizi huanzia kwenye sumu: aseniki, zebaki, belladona. Belladona ndiyo iliyowekwa kwenye baadhi ya vidonge vya kuota meno. Ni mmea wenye atropini, kemikali ambayo ikizidi ni sumu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipovipima baadhi ya vidonge hivyo ilitangaza mwaka 2017 kwamba kiasi cha belladona hakikuwa sawa kidonge hadi kidonge, na kingine kilizidi mbali kile kilichoandikwa kwenye lebo. Dada yako akiona mtoto amekuwa mwekundu usoni, mdomo mkavu, mboni za macho zimepanuka, analegea kupita kawaida, hakojoi, au amepata degedege, asiulize jukwaani. Aende hospitali na chupa yake mkononi. Na hata asipoona dalili hizo, mimi ningevitupa. Fizi zisuguliwe kwa kidole kisafi, apewe kitu cha mpira kilichopozwa atafune. Inatosha.

Si vidonge peke yake. Kuna jeli ya puani ya zinki iliyouzwa Marekani kama homeopathia; mwaka 2009 FDA iliwaambia watu waiache baada ya kupokea taarifa zaidi ya 130 za waliopoteza uwezo wa kunusa. Matone nayo mara nyingi yana pombe, na vidonge vyenyewe ni sukari, kwa hiyo mwenye kisukari au asiyevumilia sukari ya maziwa ajue.

Lakini kinachonikosesha raha kuliko sumu ni fundisho lao kwamba dalili zikizidi baada ya kuanza dawa, hiyo ni ishara kuwa inafanya kazi. Mwenye pumu anayebanwa zaidi anaambiwa avumilie, anapona. Hapo hatari haitoki kwenye kidonge, inatoka kwenye tiba halisi anayoikosa. Kwa sababu hiyohiyo Shirika la Afya Duniani lilionya mwaka 2009 watu wasitegemee homeopathia kwa malaria, kifua kikuu, Ukimwi wala kuharisha kwa watoto. Na yeyote atakayekuuzia vidonge vya "kinga" badala ya chanjo ya surua au kifaduro, mkimbie.

Ukiuliza kama unaweza kuvitumia sambamba na dawa zako: vya namba kubwa haviwezi kugongana na chochote, kwa kuwa hakuna cha kugongana nacho. Pesa ni yako. Vya namba ndogo, hapana, hadi mfamasia au daktari aone lebo. Na mwambie daktari wako unavitumia, hata kama unaona aibu. Tunavisikia kila siku.

Muombe dada yako akusomee lebo kwa simu, kisha uandike hapa jina la kila kiambato na namba yake, pamoja na ya chupa uliyopewa wewe. Nikiingia jioni nitazipitia zote mbili.