Nataka kupoza kompyuta kwa maji, hii rejeta ya alumini inafaa?

SWALI: Mambo fundi, niko Dar, nina kompyuta ndogo ya magemu, madabodi yake (ile bodi kuu) ni ile ya sentimita 17 kwa 17, joto la huku unalijua, feni inalia kama mashine ya kusaga na prosesa inafika digrii 90. Jamaa kaniambia nichukue rejeta ya alumini bei chee, bloku ya prosesa (kile kipande kinachokaa juu ya prosesa, maji yanapita ndani yake) ninayo ya shaba. Sawa?

JIBU: Hapana mzee, hapo usiguse. Shaba na alumini zikikutana kwenye maji yale yale alumini inaanza kuliwa taratibu, uchafu unaziba vile vimifereji vyembamba ndani ya bloku na joto linarudi pale pale. Tafuta rejeta ya shaba, na pima unene wake pamoja na feni, watu kibao wananunua halafu kwenye kasha haiingii. Pampu ikae chini ya tenki, ikizunguka kavu inakufa. Maji ya bomba sahau, weka distildi na dawa ya kuzuia ukungu.

Ukishafunga washa pampu peke yake, madabodi isipate umeme, zungushia tishu kila kiungio uache masaa 24, ikilowa kaza tena (mimi niliruka hii hatua nikaua kadi ya grafiki, acha tu).

Ila usitegemee barafu, chumba kikiwa digrii 32 maji hayashuki chini ya hapo. Na kabla hujatoa hela, badilisha kwanza pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto, na upulize vumbi.