Samadi, mboji au alizeti mwitu? Kwa wewe unayeanza kulima

Swali la kwanza la mgeni shambani huwa ni lile lile: mbolea ipi ya asili ni bora? Mimi humrudishia swali: unalima nini, na utavuna lini? Mchicha wa wiki nne hauwezi kungoja samadi ya ng'ombe. Samadi hiyo inatoa chakula polepole, na sehemu nzuri utaifaidi msimu unaofuata. Ya kuku ina naitrojeni nyingi zaidi (kirutubisho kinachokuza majani) na inafanya kazi haraka, ila ikiwa mbichi inaunguza miche.

Angalia sana ya kuku wa nyama, maana inakuja na maranda. Ukiifukia kabla haijaoza, vijidudu vya udongoni vinachukua naitrojeni ili kuozesha maranda, na mahindi yanabaki ya njano. Mwenye shamba anadhani udongo umechoka.

Kwa samadi yoyote, matunzo yana uzito kuliko aina ya mnyama. Kabla hujalipia tolori, nenda zizini ukaone rundo lenyewe. Lililokaa wazi, likapigwa jua na mvua miezi mingi, limeshapoteza naitrojeni nyingi. La kununua ni lile lililofunikwa au kuwekwa kivulini.

Alizeti mwitu, ile ya maua ya njano kando ya barabara, naipenda kuliko zote kwa bustani ndogo. Majani yake makavu yana naitrojeni ya takriban asilimia 3.5, na mabichi yanaoza upesi udongoni. Ubaya wake ni mzigo: majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa. Kwa hekta nzima mgongo utakukomesha.

Mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyoozeshwa kwenye rundo, inataka subira. Chomeka kijiti kirefu katikati ya rundo, kiache kidogo, kisha kichomoe na kukishika. Kikiwa cha moto, linaoza vizuri. Kikitoka baridi na kikavu, mwagia maji. Kikiwa baridi na kinanuka vibaya, pindua rundo liingie hewa.

Kama udongo wako ni mwekundu na una tindikali, huenda fosforasi, kirutubisho kingine cha mimea, ndiyo haba, na alizeti mwitu peke yake haitoshi kuziba pengo hilo. Changanya mboji na fosfati ya Minjingu, mbolea ya mwamba yenye fosforasi inayochimbwa Manyara; tindikali ndiyo inayoiyeyusha. Kwenye udongo usio na tindikali itakaa tu bila kuyeyuka, kwa hiyo lipia kipimo cha udongo kabla ya kulipia mfuko.