Re: Dar hadi Mtwara kwa siku moja, dereva peke yangu, inawezekana?

Mkuu, inawezekana kabisa, ni kama kilomita 560 tu. Ila toka saa kumi na moja alfajiri, foleni ya Mbagala ikikukuta umeshapoteza saa nzima.

Hadi Ikwiriri na Daraja la Mkapa utakuwa na nguvu. Shida ni baada ya hapo: pori, jua, barabara nyoofu, usingizi unakuja kimyakimya. Mimi niliwahi kushtuka tairi la kushoto liko kwenye changarawe. Siku hizi nikifika Nangurukuru nasimama, hata kama sijachoka. Nakula, nalaza kiti dakika ishirini. Somanga angalia vizuri, pale maji yalikata barabara 2024 kimbunga Hidaya kilipopita. Kama ni masika, piga simu kwa wenyeji kwanza.

Vijijini mwendo mwisho ni 50 kwa saa, na tochi za trafiki za kupima spidi zipo. Ukitoka Lindi, Mnazi Mmoja kamata kushoto, ukinyoosha unaenda Masasi (nimeshampokea mgeni aliyestukia yuko Mtama!). Mikindani ingia kabla ya giza, mbuzi na bodaboda zisizo na taa ni balaa.